Amani Inayohitaji Kikao

Septemba 2023, taasisi ya mjini Berlin inayotunza makusanyo ya iliyokuwa dola ya Prussia ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani na watu walio hai leo kaskazini mwa Tanzania. Ukoo wa Kaaya wa Meru ulikuwa miongoni mwa waliotajwa. Ukoo huo umekuwa ukimtafuta Mangi Lobulu, mtawala wa Wameru aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na utafutaji wao ulirekodiwa na Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner katika filamu iliyotoka mwaka uliofuata. Jambo la kuzingatia ni kwamba Meru ni nchi ya Walutheri tangu misheni ilipojengwa Nkoaranga mwaka 1902, na katika mafundisho ya Kilutheri marehemu hahitaji fuvu lake lirudi ili apumzike kwa Mungu. Kwa mafundisho hayo, kazi ya wajukuu ilikwisha zamani. Lakini kwa hesabu ya zamani zaidi, ile iliyokuwapo mlimani kabla ya wamisheni Ewald Ovir na Karl Segebrock kuuawa pale Akeri Oktoba 1896, na kabla ya Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani kuja kuchoma migomba na kuswaga ng'ombe kwa kisasi, walio hai hawatulii mpaka aliyeondoka awekwe mahali pake. Watu wanaoshika Biblia asubuhi ya Jumapili bado wanaibeba hesabu hiyo ya pili, na wanaibeba kwa maumivu ya kweli.

Ndiyo maana swali la kama njia ya wahenga, ile ambayo wamisheni waliiita upagani, inampa mtu furaha au inamnyima, si swali la makumbusho hapa Arusha. Majibu tuliyoyazoea ni mawili. Wapo wanaosema njia hiyo ni giza na hofu tupu, na aliyetoka huko amepona. Wapo pia, hasa vijana wasomi wa miaka hii, wanaosema huko ndiko ulikokuwa utulivu wetu kabla ya kuporwa. Mimi nashikilia kwamba pande zote mbili zinaeleza mambo yaliyopo, ila hazijaona kuwa zinaeleza vitu viwili tofauti. Imani ileile ya mababu, laana na baraka humpa mtu amani inapofuatwa kikaoni, mbele ya jamaa, na humtia hofu inaponunuliwa chumbani kwa mtu mmoja. Na msiba wetu ni kwamba kwa miaka zaidi ya mia moja tumekiaibisha kikao na kukiacha chumba.

Tuanze na vipimo vya furaha, maana siku hizi kila mjadala wa ustawi huanzia hapo. Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2017 iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Kipimo chake ni swali moja: fikiria ngazi yenye maisha mabaya kabisa chini kwenye sifuri na maisha bora kabisa juu kwenye kumi, je, wewe umesimama kidato kipi? Mwaka 2005 watafiti Robert Biswas-Diener, Joar Vittersø na Ed Diener walichapisha utafiti uliowauliza maswali ya namna nyingine Wamaasai wa Kenya, pamoja na Waamish wa Marekani na Wainughuit wa Greenland. Wamaasai hao, wasio na umeme wala mshahara, walionekana kuridhika na maisha yao, pamoja na mahusiano yao na watu. Waliohojiwa walikuwa mia na kitu tu, na sidai kwamba dini yao peke yake ndiyo iliyoleta matokeo hayo. Ninachosema ni kwamba jibu hubadilika kwa kadiri ya swali. Ngazi ya vidato kumi humtaka mtu ajitazame peke yake na ajilinganishe na maisha ambayo hajayapata. Haimuulizi kama amepatana na nduguye. Mwarusha wa zamani angeuliza hilo kwanza, kisha ndipo angeuliza habari za ng'ombe na mahindi. Padri Laurenti Magesa, mwanateolojia wa Kitanzania, alikieleza kitabuni mwaka 1997 kile ambacho wazee wetu walikiishi bila kukiandika: kwamba katika dini ya Kiafrika wema ni kila kinachoongeza uhai, na uhai huo ni wa watu pamoja, waliopo, waliotangulia na wanaokuja.

Namna jambo hilo lilivyofanya kazi kwenye miteremko ya Meru, tuna ushahidi mzuri kuliko sehemu nyingi za nchi. P. H. Gulliver aliishi na Waarusha miaka ya 1950, na kitabu chake cha mwaka 1963 kimejaa mashauri ya mipaka ya mashamba, mahari, madeni ya mbuzi na ndugu waliogombania kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba. Kilichomshangaza ni kwamba watu hawa hawakuwa na hakimu. Wazee wa ukoo na wa rika walikaa, mdai akasema, mdaiwa akasema, jamaa wakavutana mpaka pakapatikana neno ambalo pande zote ziliweza kulibeba. Mahakama za serikali zilikuwapo, na kila mtu alijua njia ya kwenda, lakini mashauri mengi waliyamaliza wenyewe. Nyuma ya kikao hicho palikuwa na Engai, Mungu wa Waarusha na Wamaasai, na palikuwa na wazee waliokufa. Iliaminika kwamba ugomvi uliofichwa moyoni huzaa ugonjwa kwenye boma, watoto hudhoofika, ng'ombe hutupa mimba. Kwa hiyo kupatana hakukuwa adabu tu, kulikuwa kinga. Aliyekosa alikuja na nyasi mkononi, ishara ambayo kila Mmaasai na Mwarusha anaielewa mpaka leo. Upande wa Wameru na Wachagga lilichukuliwa jani la isale, na anayeletewa isale huona uzito wa kukataa kusamehe. Baada ya hapo watu walikunywa pamoja pombe ya ndizi, wazee wakatamka baraka. Mtu alirudi nyumbani akiwa amelazimishwa kupumua.

Neno kulazimishwa nimelitumia kwa makusudi. Wengi wanaoisifia dini ya jadi leo huisifia kwa uhuru wake: haina kitabu, haina zaka, haina mchungaji wa kukuuliza ulikuwa wapi. Historia ya hapa inaonyesha kinyume. Faida yake kwa ustawi wa mtu ilitokana na kumnyima uhuru wa kuendelea kununa. Rika lako, uwe Seuri, Makaa, Landisi au Korianga, halikuchaguliwa nawe, na halikuacha ukae peke yako na uchungu wako. Ukifiwa, wenzako wanafika. Ukikosa, wanakutoza, kisha wanakula nawe ulichotozwa. Sonona hustawi palipo na upweke, na utaratibu huu uliufanya upweke kuwa kitu kigumu kukipata.

Hata upande wake wa kutisha ulikuwa na mlango wa kutokea. Tuchukue kuvunja chungu, ambako hadi leo husikika Arumeru pale wizi unapozidi au mali ya ukoo inapopotea. Ni laana nzito, na watu wenye shahada huiogopa sawa na wasiosoma. Lakini tazama inavyokwenda. Haianzi kwa kuvunja. Inaanza kwa kutangaza, watu wote wakisikia: aliyechukua arudishe, siku zipo. Mara nyingi kilichoibwa hurudi kabla ya siku kufika, na mwizi hurudi nacho kwenye jamii. Laana hiyo haimtaji mtu kwa jina. Hofu yake imeelekezwa kwa aliyefanya kosa, mwenye dhamiri safi analala. Na anayeivunja bila haki anaamini itamrudia mwenyewe, kwa hiyo wazee husita, huuliza tena, huahirisha. Naweza kubishana na mtu kuhusu ukweli wa nguvu za chungu, ila siwezi kusema utaratibu huu ulibuniwa na watu wasioielewa nafsi ya binadamu.

Sasa tuingie chumbani. Mwaka 2003 jarida la magonjwa ya akili la Uingereza lilichapisha utafiti wa Ngoma, Prince na Mann uliofanywa Dar es Salaam. Waliwapima watu waliokwenda kwa waganga wa kienyeji na waliokwenda zahanati, wakitafuta sonona, wasiwasi na maradhi ya jinsi hiyo. Zahanati walikuta asilimia 24. Kwa waganga, asilimia 48, mara mbili. Utafiti huu haumaanishi kwamba waganga ndio waliowaumiza. Waliokwisha kuumia ndio wanaokwenda huko, kwa sababu zahanati hawaulizwi kuhusu ndoa iliyovunjika wala kaka aliyehama bila kuaga. Ila swali linalofuata ni zito: wakifika huko wakiwa hivyo, wanapewa nini? Kwa mganga mwema wanapewa masikio na dawa ya mizizi. Kwa mpiga ramli wanapewa jina. Ni jirani, ni shangazi, ni mke mwenza, ni mfanyakazi mwenzako anayekuchekea. Mtu aliyeingia na huzuni anatoka na huzuni na adui, na adui huyo hataitwa kikaoni ajieleze, maana shauri lote ni la siri na limelipiwa.

Kampuni ya Gallup iliwauliza watu wa nchi 18 za Afrika kusini mwa Sahara, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu wanaamini uchawi, na kwamba wanaoamini walijiweka chini zaidi kwenye ile ngazi ya maisha kuliko wasioamini. Mtu atasema umaskini ndio unaoleta yote mawili, imani ya uchawi na kidato cha chini. Inawezekana kwa sehemu. Lakini fikiria maisha ya mtu anayeamini kwamba kila aliyemzidi amemloga na kila atakayemzidi yeye atamloga. Hata akipata, hawezi kufurahia, kwa sababu kupata kwenyewe kumekuwa hatari. Hiyo ni imani ileile ya nguvu zisizoonekana iliyompeleka babu yake kikaoni na nyasi mkononi. Imeondolewa tu mashahidi.

Mgawanyiko huu una historia. Wamisheni waliwakataza waumini matambiko na pombe za ukoo, na waliyaona mambo hayo kwa sababu yalifanyika hadharani. Serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, ambayo bado tunayo, na ikawafanya wote wenye kushughulika na nguvu za siri wajifiche zaidi. Kilichokuwa wazi kilikuwa rahisi kukifuta. Kilichokuwa kimejificha kilibaki, kikajifunza kutoza. Kisha jiji likaja. Arusha ilihesabiwa kuwa na watu 617,631 mwaka 2022, miaka kumi tu nyuma walikuwa 416,442. Mtu anayepanga chumba Unga Limited au Kijenge, aliyetoka Singida au Kondoa au Rombo, hana rika hapa, hana mzee wa ukoo, hana mti wa kukutania. Alichonacho ni tangazo la mganga kwenye nguzo ya umeme, lenye namba ya simu, linaloahidi kurudisha mpenzi na mali iliyoibwa. Hapo ndipo dini ya jadi inapokutana na wakazi wengi wa mjini, na kwa kukutana nayo hapo tu, wana haki ya kuidharau.

Pingamizi la kwanza litatoka kanisani na msikitini: kikao tunacho, kila wiki. Ni kweli, na sitaki kulipita haraka. Wanasosholojia Chaeyoon Lim na Robert Putnam walionyesha mwaka 2010, kwa takwimu za Marekani, kwamba waumini wanaohudhuria ibada wameridhika zaidi na maisha, na sababu ni marafiki walio nao mle ndani. Anayehudhuria bila kuwa na rafiki hapati nyongeza hiyo. Hoja yangu ni ndugu ya hoja yao. Jumuiya ndogo za Kikatoliki na vikundi vya mitaa vya Kilutheri vimewazika na kuwauguza watu wengi Arusha kuliko koo zao. Ila ushirika wa ibada na usuluhishi ni mambo mawili. Ndugu wawili wanaweza kuketi benchi tofauti la usharika mmoja kwa miaka ishirini, wanapokea meza ya Bwana bila kusemezana, na hakuna utaratibu wa kuwaleta uso kwa uso mpaka mmoja afe. Mgogoro uliotangulia kuzaliwa kwa Dayosisi ya Meru, mwanzoni mwa miaka ya 1990, uliwagawa watu wa nyumba moja wanaoimba kitabu kimoja. Na tuseme pia kwamba chumba cha siri kimeingia hata kwenye Ukristo: anayenunua chupa ya mafuta ya upako ili apigane na adui asiyetajwa anafanya biashara ileile ya ramli, kwa lugha nyingine.

Pingamizi la pili ni zito kuliko yote, nalo ni la wanawake. Kikao ninachokisifu kilikuwa cha wanaume. Mwanamke aliletwa kama shauri, mara chache kama msemaji. Utaratibu uleule wa rika unaomlinda kijana asiwe peke yake ulihusishwa na ukeketaji wa dada yake, na takwimu za afya za mwaka 2015 na 2016 ziliukuta Mkoa wa Arusha na asilimia 41 ya wanawake waliokeketwa, ingawa sheria iliwalinda wasichana tangu mwaka 1998. Huwezi kupima furaha ya jamii kwa kumuuliza nusu yake. Nakubali hili bila kupunguza. Ila tusiseme kwamba imani yenyewe haikumjua mwanamke. Dorothy Hodgson, aliyefanya utafiti wa miaka mingi miongoni mwa Wamaasai wa Tanzania, ameonyesha kuwa wanawake ndio walioonekana karibu zaidi na Engai. Wao walisali asubuhi na jioni, wao walikusanyika kuomba uzazi na mvua. Wamisheni Wakatoliki walikuja wakiwatafuta wanaume na wakawapata wanawake, ambao walijaza makanisa. Naliona hilo kuwa uthibitisho mkali wa ninachokisema: waliponyimwa kiti katika vikao vya maboma yao, walikwenda palipokuwa na mkusanyiko unaowasikia. Hawakwenda kutafuta upweke.

La tatu, kwamba njia hii huua watu kwa kuwapa matumaini ya uongo, lina jibu fupi na la wazi: pale inapojifanya hospitali, ndiyo, huua. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanda kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa Sh 500 kutoka kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Walikesha pamoja barabarani, tajiri na maskini walilipa sawa, hakuna aliyetajiwa adui, na wengi walirudi wamechangamka kweli. Kuchangamka huko hakukuondoa virusi. Waliotupa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waliilipia imani hiyo kwa miili yao. Amani ya kupatana na watu ni jambo moja, kinga ya mwili ni jingine, na mzee wa mila anayechanganya mambo hayo mawili anapaswa kukatazwa.

Kuna watu wanaoamini dawa ya yote haya ni kila mtu ajichagulie njia yake ya kiroho. Huko Marekani upagani mpya umestawi kwa namna hiyo, na mtafiti Helen Berger ameonyesha kwamba wengi wa wafuasi wake huufuata wakiwa peke yao. Huenda unawafaa. Kwa mkazi wa Sakina au Ngaramtoni anayegombania mita tatu za shamba na kaka yake, kuwasha mshumaa peke yake hakutamfikisha kwa kaka yake.

Kwa hiyo sidai matambiko yarudishwe kwa amri, wala mtu aache ibada yake. Nadai kikao kirudishiwe heshima, na mahali pa kuanzia pamekwisha kuandaliwa na sheria za nchi. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyanyang'anya mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua kesi za ardhi na kuyaachia kazi moja, kusuluhisha, ndani ya siku 30, kabla ya shauri kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengi waliyaona mabaraza hayo yamevuliwa meno. Lakini kusuluhisha bila mamlaka ya kuamua ndiyo kazi ambayo wazee wa Gulliver waliifanya kwa ufundi mkubwa. Sheria inataka wajumbe wanne hadi wanane, na watatu kati yao wawe wanawake. Kata za Arusha na Meru zingeweza kuwaita washili na malaigwanani, viongozi wa mila, waketi pamoja na wajumbe hao, wachungaji na mashehe wakialikwa, nyasi au isale vikipokelewa mezani bila mtu kuona haya, na wanawake watatu wakiwa na neno lenye uzito uleule katika kila shauri, hasa yale ya urithi ambayo zamani yaliamuliwa wao wakiwa jikoni.